Enzi huingia kwa mlango gani kwenye tamthilia ya Shakespeare?

Swali la msomaji: "Nafundisha fasihi. Kila nikiwauliza wanafunzi enzi ilimwathirije Shakespeare, wananimwagia kurasa mbili za maisha ya Malkia Elizabeth, kisha wanahamia kwenye wahusika na dhamira kana kwamba zile kurasa hazikuwapo. Niwafundishe njia gani? Na nitajuaje kwamba tumepitiliza, tunaiona enzi hata mahali isipokuwapo?"

Mwalimu, pole na kusahihisha. Zile kurasa mbili ziondolewe zote, hata kama kila tarehe iliyomo ni sahihi. Zimekaa mlangoni kama zulia: kila anayepita anafuta miguu na kuendelea na safari yake.

Enzi haikumfikia Shakespeare ikijiita enzi. Ilimfikia ikiwa afisa wa ikulu mwenye kalamu ya kufuta mistari, ikiwa mchekeshaji aliyehama kikundi, ikiwa jua la saa nane mchana lililowamulika watazamaji wakati mtunzi anataka usiku wa manane. Mwanafunzi anayetaka kuonyesha athari hana budi kumtaja mbebaji wa namna hiyo, kisha aonyeshe alama aliyoiacha kwenye maneno yenyewe. Mpe swali moja tu: je, mstari huu ungekuwa hivi kama ungeandikwa miaka 10 kabla, au 10 baadaye? Akikosa la kujibu, bado hajafika.

Kabla ya yote, tarehe, maana hapa ndipo insha nyingi huanguka zikiwa bado aya ya kwanza. Shakespeare huitwa mwandishi wa enzi ya Elizabeth, lakini malkia alifariki tarehe 24 Machi 1603. King Lear, Macbeth, Coriolanus na The Tempest zote ni za utawala wa James wa Kwanza, aliyekuwa tayari mfalme wa Scotland. Anayeieleza Macbeth kwa hofu za malkia ameshapotea njia. Kosa la pili ni kuchukua mwaka wa kuchapwa kuwa mwaka wa kuandikwa. Macbeth iliandikwa karibu na 1606 lakini ikachapwa mara ya kwanza mwaka 1623, miaka saba baada ya mtunzi kufa, ndani ya lile buku kubwa liitwalo Folio. Buku hilo lina tamthilia 36, na nusu yake hazikuwa zimechapwa kabla.

Sasa tuanze na jengo, kwa sababu ni rahisi kulionyesha darasani. Ukumbi wa Globe ulisimamishwa mwaka 1599 kusini mwa mto Thames, kwa mbao za ukumbi wa zamani uitwao The Theatre, uliojengwa mwaka 1576. Uwanja wa kati haukuwa na paa, na mtu alilipa peni moja kusimama hapo. Aliyetaka kukaa kwenye roshani aliongeza peni nyingine. Maonyesho yalikuwa ya alasiri. Hakukuwa na taa ya kuzima ili giza liingie, kwa hiyo giza lilipaswa kusemwa. Fungueni Macbeth, tendo la pili, onyesho la kwanza: Banquo anamuuliza mwanawe usiku umefikia wapi, na Fleance anajibu kwamba mwezi umeshatua, saa hajaisikia ikigonga. Mistari miwili hiyo, na watu waliosimama juani wamekwisha kuingia usiku. Hamlet nayo inaanza hivyohivyo: askari anaambiwa saa sita imeshagonga, akalale, naye anashukuru kwa sababu baridi ni kali. Wanafunzi huziita taswira za giza, na hawajakosea, ila wamesema nusu. Kwanza kabisa hizo ndizo taa za jukwaa.

Mwaka 1608 kikundi chake kilipata ukumbi wa ndani, Blackfriars, uliotumia mishumaa. Mishumaa hutaka kukatwa tambi, na kazi hiyo ilihitaji mapumziko mafupi kati ya tendo na tendo, muziki ukipigwa. Kwenye kumbi za wazi onyesho lilikwenda moja kwa moja, na mhusika aliyetoka hakurudi papo hapo. Tazama The Tempest, iliyoandikwa karibu 1611: Prospero na Ariel wanatoka pamoja mwisho wa tendo la nne, na hao hao wawili ndio wanaofungua tendo la tano. Mtunzi hapa anategemea mapumziko. Ukitaka ushahidi mdogo wenye nguvu, ni huo: mshumaa umebadilisha mpangilio wa kuingia na kutoka.

Kikundi chenyewe nacho ni enzi. Sheria ya mwaka 1572 iliwahesabu waigizaji wasio na mlezi wa cheo kuwa wazururaji, ndiyo maana kila kikundi kilibeba jina la mkubwa fulani. Cha Shakespeare kilikuwa cha Lord Chamberlain tangu 1594, na mwezi Mei 1603 kikawa cha mfalme mwenyewe. Shakespeare alikuwa mwenye hisa humo. Aliwaandikia watu anaowajua kwa majina, na hili limebaki kwenye karatasi. Katika toleo la Much Ado About Nothing la mwaka 1600, onyesho la pili la tendo la nne, mahali panapopaswa kuandikwa jina la Dogberry, yule mkuu wa sungusungu anayevuruga maneno, mchapaji ameandika "Kemp". Will Kemp alikuwa mchekeshaji wa kikundi. Inaonekana mtunzi alipomwandika Dogberry alikuwa akiisikia sauti ya Kemp.

Kemp aliondoka mwaka 1599, nafasi yake akaichukua Robert Armin, mtu wa aina tofauti: mwimbaji, mwenye ucheshi wa akili kali na maneno ya kuchoma. Baada ya hapo tunawapata Feste katika Twelfth Night na yule Mpumbavu wa King Lear anayemwambia mfalme ukweli wasioweza kuusema mawaziri. Insha ikisema hapo kwamba mtunzi alikomaa kifalsafa, huenda ni kweli, lakini mwanafunzi aulize kwanza nani alikuwa kwenye orodha ya waigizaji mwaka huo.

Juu ya wavulana waliocheza nafasi za wanawake sitakawia, maana kila kitabu kinalieleza. Ila wahesabu: Julius Caesar ina wanawake wawili, Hamlet wawili. Hiyo ni hesabu ya wavulana waliokwisha kufunzwa kazi, na haitoshi kuwa ushahidi kwamba mtunzi alikuwa na maoni fulani juu ya wanawake.

Mlango mkubwa kuliko yote ulikuwa wa udhibiti. Hakuna tamthilia iliyopanda jukwaani London bila kusomwa na kupewa kibali na Master of the Revels, afisa wa ikulu. Kuanzia 1579 hadi 1610 alikuwa Edmund Tilney. Tunaye akiwa kazini: mswada wa tamthilia iitwayo Sir Thomas More, ambao wataalamu wengi wanaamini una kurasa zilizoandikwa kwa mkono wa Shakespeare mwenyewe, umo British Library, na pembeni Tilney ameamuru maasi yote ya wananchi yaondolewe pamoja na sababu zake. Msisitize mwanafunzi hapo kwenye sababu. Afisa hakuogopa fujo za jukwaani peke yake. Aliogopa mtazamaji asije akaona kwamba wanaofanya fujo wana hoja.

Ndipo mje kwenye Richard II. Ndani yake kuna onyesho ambalo mfalme anavuliwa taji hadharani, mistari kama 160. Katika matoleo ya 1597 na 1598 haimo. Imeingia mwaka 1608, malkia akiwa kaburini miaka mitano. Wataalamu wanabishana mpaka leo kama ilikatwa kwa hofu au iliongezwa baadaye, na mwanafunzi aseme hivyo hivyo, asichague upande kwa sababu tu unapendeza zaidi. Lisilobishaniwa ni kwamba tarehe 7 Februari 1601 wafuasi wa Earl wa Essex, kabaila aliyekosana na malkia, walilipa shilingi 40 juu ya malipo ya kawaida ili kikundi hicho kionyeshe tamthilia ya kuuawa kwa Richard wa Pili, ambayo wengi wanakubali ni hiyo. Waigizaji walisita wakisema imechakaa, watu hawatakuja. Kesho yake Essex akaasi, akashindwa. Tarehe 24 mwezi huohuo kikundi kilikuwa ikulu kikimchezea malkia, na asubuhi yake Essex akakatwa kichwa. Tamthilia ilikuwa imeandikwa miaka kama sita kabla, na haikuhitaji neno jipya hata moja ili iwe hatari. Kwa hiyo wanafunzi watofautishe enzi ya kuandika na enzi ya kuonyesha. Ni vitu viwili.

Kama mna nafasi ya zoezi moja tu, chukueni Othello. Mwezi Mei 1606 bunge lilipitisha sheria ya kumtoza faini ya pauni 10 mwigizaji atakayetaja jukwaani jina la Mungu, la Kristo au la Roho Mtakatifu kwa mzaha. Tamthilia hii ilichapwa peke yake mwaka 1622, kisha ndani ya Folio mwaka uliofuata. Weka kurasa za kwanza sambamba. Katika chapa ya 1622 neno la kwanza la Roderigo ni mguno wa dharau, na Iago, yule mwovu wa tamthilia, anamjibu kwa kuapa kwa damu ya Mungu. Katika Folio mguno umetoka na kiapo kimetoka. Mbele kidogo Iago anamwamsha baba wa Desdemona akimwambia ameibiwa: chapa ya 1622 inaanza na kiapo cha majeraha ya Mungu, Folio inasema "bwana" tu na kuendelea. Viapo zaidi ya 50 vimepotea namna hiyo.

Waulize Iago yupi ni mwovu zaidi. Wa kwanza ni askari wa kambini, anatukana kama anavyopumua. Wa pili ulimi wake umesafishwa, na uovu wake unazidi kutisha kwa sababu anaongea kama mtu mstaarabu. Hakuna mtunzi aliyekaa akaamua tofauti hiyo kwa ajili ya sanaa. Inaelekea sana kwamba faini ndiyo iliyoifanya. Angalizo la kiutendaji: sheria ile ilihusu maneno ya jukwaani, haikugusa vitabu, kwa hiyo usafi wa Folio huenda ulitokana na nakala iliyokwisha kusafishwa kwa ajili ya waigizaji. Angalizo jingine: matoleo ya kisasa ya shule huchanganya chapa zote mbili bila kupiga kelele. Hakikisheni toleo mlilonalo linafuata ipi, la sivyo mwanafunzi atajenga hoja juu ya uamuzi wa mhariri wa juzi.

Njia ya pili yenye faida ni kulinganisha tamthilia na kitabu alichokitumia mtunzi. Kwa Macbeth ni historia ya Holinshed, chapa ya 1587. Huko Banquo anajua njama na anashiriki kumuua mfalme Duncan. Kwenye tamthilia ni msafi. Sababu iko karibu: James alihesabiwa kuwa mjukuu wa mbali wa Banquo, mtu ambaye wanahistoria wa leo hawaamini hata kwamba aliwahi kuishi, na kikundi kilikuwa cha James. Hapo enzi imeonekana kwa macho. Lakini Holinshed anasema pia kwamba Macbeth alitawala vizuri miaka 10 kabla ya kuharibika, na Shakespeare ameifuta. Je, huko nako ni kumpendeza mfalme? Nadhani hapana. Miaka 10 ya amani inaua mwendo wa jukwaa, basi. Mwanafunzi anayeweza kusema "badiliko hili ni la enzi, lile ni la ufundi" amekwisha kuelewa somo.

Kwenye tamthilia hiyo hiyo kuna bawabu mlevi, tendo la pili, onyesho la tatu, anayejifanya mlinzi wa lango la jehanamu. Anamkaribisha mtu wa ndimi mbili, aliyefanya uhaini kwa ajili ya Mungu lakini akashindwa kuidanganya mbingu. Tarehe 28 Machi 1606 padri Mjesuiti Henry Garnet alihukumiwa London kwa njama ya baruti ya Novemba 1605, ile ya kutaka kumlipua mfalme na bunge lake, na mahakamani alisutwa kwa fundisho la kujibu kwa maneno yenye maana mbili ili mtu asiseme uongo waziwazi. Vitabu vingi huishia hapo. Endeleeni mpaka tendo la tano, msitu wa Birnam unapoanza kusogea: Macbeth anatumia neno lilelile, akisema anaanza kushuku ndimi mbili za shetani anayedanganya kwa kitu kinachofanana na ukweli. Kichekesho cha wiki kimegeuka kuwa uti wa mgongo wa msiba, kwa sababu wale wachawi hawakusema uongo hata mara moja.

Ila neno peke yake si ushahidi. Hamlet analitumia miaka kama mitano kabla, akitaniana na mchimba kaburi, na hakuna kesi wala baruti. Kinachoifunga Macbeth na 1606 ni neno hilo likiwa pamoja na uhaini na jina la Mungu, vyote ndani ya sentensi moja.

Hilo linanileta kwenye sehemu ya pili ya swali lako. Mfano wangu wa kudumu wa kupitiliza ni barua ya Romeo. Padri John anashindwa kuifikisha kwa sababu amefungiwa kwenye nyumba inayodhaniwa kuwa na tauni, na Romeo anakufa bila kujua Juliet yu hai. Wanafunzi hushangilia: kumbe! Kumbi za London zilifungwa kwa tauni sehemu kubwa ya 1592 hadi 1594, tamthilia ikaja mara baada yake, basi enzi imejibu. Tatizo ni kwamba tauni hiyo imo katika shairi la Arthur Brooke, ambalo Shakespeare alilitumia, lililochapwa mwaka 1562, miaka miwili kabla hajazaliwa. Hoja imekufa.

Au nusu yake imekufa. Soma tena kwa makini. Kwa Brooke padri ameshafika Mantua, mji alikokimbilia Romeo, na anafungiwa katika nyumba ya watawa wenzake. Kwa Shakespeare hajatoka hata Verona. Alikwenda kumtafuta mwenzake aliyekuwa akitembelea wagonjwa, na wakaguzi wa mji, wakishuku nyumba waliyomo, wakatia mlango lakiri. Wakaguzi wa tauni na milango ya kufungwa ni utaratibu ambao mtazamaji wa London aliujua mtaani kwake. Tauni ni ya Brooke, wakaguzi na mlango ni wa Shakespeare. Enzi imeingia, ila kwa tundu dogo kuliko tulivyodhani, na hungeliona bila kulifungua shairi la zamani. Kipimo ninachokupa ni hicho: kabla ya kusema "hii ni enzi", hakikisha haikuwamo tayari kwenye chanzo.

Ukitaka kuwajaribu, wape Coriolanus, ya karibu 1608. Kwa Plutarch, mwandishi wa kale ambaye mtunzi alimtumia kama chanzo, wananchi wa Roma wanaanza kugoma kwa sababu ya madeni na riba. Njaa inakuja baadaye. Shakespeare ameipandisha njaa mpaka mstari wa mwanzo, wananchi wameshika marungu wakidai nafaka iliyojaa maghalani. Mwaka 1607 wakulima wa Uingereza ya kati, pamoja na wa Warwickshire alikotoka mtunzi, walisimama kupinga mashamba kuzungushiwa ua. Na katika orodha ya Stratford ya Februari 1598, wakati wa uhaba, Shakespeare mwenyewe ametajwa kuwa na shehena ya kimea. Usiwaambie wahitimishe nini. Waache wapime wenyewe alikuwa upande gani wa ghala.

Mwisho, wengi wao watakuwa wamekutana na Shakespeare kwanza kwa Kiswahili cha Mwalimu Nyerere, na tafsiri nayo ina enzi yake. The Merchant of Venice jina lake lataja mfanyabiashara mmoja, Antonio. Tafsiri iliyotoka mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, inaitwa Mabepari wa Venisi. Wako wengi. Neno "bepari" lilikuja kutoka Bara Hindi likiwa na maana ya mchuuzi, kwa hiyo kwa asili yake hakuna kosa; ila kufikia miaka ile lilikuwa limeshabeba mzigo mwingine kabisa. Anza nao hapo, kwa lile swali la miaka 10 kabla na 10 baadaye, maana jalada wanalo mkononi.